Harufu Niliyokuwa Siisikii

Kwa miaka ishirini na miwili nilivuta sigara mbele ya mashini yangu ya kushona, ndani ya kibanda cha mbao katika mtaa wa Ndosho. Nilishona nguo za arusi. Chini ya meza niliweka kopo la maziwa ya unga la kutemea mate na kutupia vipande vya sigara. Kila asubuhi kikohozi kilinikamata kabla sijatia uzi kwenye sindano. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, nikatema kitu kizito cha rangi ya kahawia, nikakitazama kinavyonata pembeni ya kopo, kisha nikawasha sigara ya kwanza. Sikuona kama ni uchafu. Kwangu ndivyo asubuhi zilivyokuwa.

Siku moja mama mmoja wa mtaa wa Mapendo alinirudishia nguo nyeupe ya binti yake, siku nne kabla ya arusi.

"Papa, umeshona vizuri," alisema. "Lakini hii nguo inanuka."

"Inanuka nini, mama?"

"Inanuka mutu mwenye anavuta. Mutoto yangu aliipitisha kwenye kichwa, akaivua palepale."

Nilitia pua kwenye kitambaa, nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Nikakasirika, nikamwambia labda ni moshi wa makala, yale makaa ya jikoni kwake. Alinionyesha tu pale kiunoni, ambapo nilishika kitambaa nikikipitisha chini ya sindano. Palikuwa na alama mbili za manjano. Nilitazama vidole vyangu vya mkono wa kuume, vilikuwa na rangi ileile. Aliacha nguo mezani akaenda. Niliifua mara tatu, alama zikafifia, lakini hakurudi kuichukua. Binti yake aliolewa na nguo ya fundi mwingine.

Jioni nilimuuliza mke wangu kama ni kweli ninanuka.

"Unanuka, papa," alisema, akiendelea kuchagua maharagwe.

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniambia nifungue dirisha."

Nilisimama nikalifungua dirisha.

Juma lililofuata nilikwenda kituo cha afya, kwa sababu makohozi yalikuwa na uzi mwembamba wa damu. Walinipima kifua kikuu mara mbili, wakakuta sina. Muuguzi aliyenipa majibu alikuwa na umri wa binti yangu mkubwa. Aliweka chombo chake mgongoni mwangu, akasikiliza sana.

"Muzee, kifua chako kinalia kama mulango mwenye haujatiwa mafuta," alisema. "Njia za pumzi zimevimba. Ni sigara. Ukiendelea, utafika siku utapumzika mara mbili kutoka kitanda mpaka choo. Na moyo pia unachoka."

"Na nikiacha?"

"Kwanza utakohoa zaidi, majuma machache, kifua kinajisafisha. Usiogope. Kisha pumzi itaongezeka, na pua na ulimi vitaamuka. Moyo utapata nafuu. Lakini vile vimekwisha kuharibika ndani kabisa, havitarudi vyote. Na damu ikionekana tena, urudi hapa siku hiyohiyo."

Nilitupa pakiti chooni siku ileile. Siku tisa zilizofuata nilikuwa mtu mbaya. Nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi, nikajichoma kidole na sindano, nikakata suruali ya mteja fupi kuliko kipimo.

Siku ya kumi, mchana, nilikuwa peke yangu kibandani, nikakumbuka kopo. Sikuwa nimelimwaga. Niliinama, nikaingiza vidole katika yale mate yaliyoganda, nikatoa kipande cha sigara. Kilikuwa kimelowa, kimevimba, kinateleza. Nilikiweka juu ya pasi ya makala ili kikauke, nikivute.

Mvuke ulipanda ukaniingia puani, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile harufu. Ilikuwa harufu ya majivu yaliyolowa, ya meno yaliyooza, ya kitu kilichokufa ndani ya kabati. Ilikuwa harufu yangu. Nilitoka nje nikatapika juu ya mawe meusi ya volkano, watu wa pikipiki wakinitazama. Nilirudi nikalichukua lile kopo kwa kitambaa, uso nimeugeuza pembeni, nikalimwaga chooni, na kopo lenyewe nikalitupa humohumo.

Sikuvuta tena. Lakini pua ilipoamka haikunihurumia. Nilisikia harufu ya koti langu, nikalitoa nje. Nilisikia ya mto wangu wa kulalia, nikamuuliza mke wangu amelalaje pembeni yangu miaka yote ile. Tuliosha ukuta wa chumba pamoja, na maji yalishuka rangi ya chai nyeusi mpaka kwenye viwiko vyetu. Hakunilaumu. Alikamua tu kitambaa, akasema, "Angalia, papa. Hii nilikuwa navuta na mimi." Chuki niliyoisikia juu yangu mwenyewe siku ile haijanitoka yote.

Mengine yalikuwa mazuri. Baada ya miezi michache kikohozi cha asubuhi kilikwisha, na uzi wa damu haukuonekana tena. Nilikula sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, nikasikia utamu wake, nikaomba sahani ya pili. Bidoni, lile dumu la maji lililonisimamisha mara tatu njiani, sasa linanisimamisha mara moja. Hiyo moja imebaki, kama muuguzi alivyosema.

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kupimwa koti la arusi. Nilipozungusha futi kifuani mwake, nilisikia mluzi ndani, na pumzi yake ikanifanya nirudi nyuma hatua moja.

"Unavuta," nilimwambia.

"Nitaacha kisha arusi, muzee," alisema akicheka.

Nilimweleza habari ya kopo, yote, mpaka pale juu ya pasi. Aliacha kucheka. Alikunja uso, akaweka mkono mdomoni.

"Papa, acha, nimekula sasa hivi."

Sikuacha. Nilimwambia aketi, nikaendelea.