Saa Yenye Kitufe Upande wa Kushoto

Mchele mpya una harufu yake, na wakati wa mavuno pale Idodi harufu hiyo ilitoka kila jiko mpaka barabarani. Wenzangu waliifurahia, mimi niliiogopa. Wali ukishapakuliwa, bibi alichukua kipande cha khanga akanifunga mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, nile kwa kulia kama watoto wenye adabu. Mwaka uliofuata ningeanza darasa la kwanza, na bibi alikuwa ameapa kwamba sitashika kalamu kwa mkono ule mbele ya mwalimu. Hakuwa na roho mbaya, bibi yangu. Aliona haya kwa niaba yangu. Lakini mimi nilikwisha kuamini kwamba Mungu alikosea aliponiumba, na kwenye sala za jioni nilimwomba arekebishe.

Ndipo shangazi akaja kutoka Mbeya, alikokuwa akiuza vitenge sokoni Mwanjelwa. Naye alikuwa wa kushoto, na utotoni mama yake, huyohuyo bibi, alimfunga khanga vilevile. Alikuja kusaidia kuvuna, amevaa saa mkono wa kulia. Saa zote nilizowahi kuona, kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo kilikaa kulia. Cha shangazi kilikuwa kushoto. Bibi alikiona shangazi alipovua saa ili anawe.

"Wamekuuzia saa mbovu. Irudishe."

Akaiweka kiganjani, akaigeuza ili kitufe kikae kulia kinapostahili. Namba zikasimama kichwa chini. Akaigeuza tena, kitufe kikarudi kushoto. Alihangaika nayo mpaka wali ukaanza kupoa.

"Siyo mbovu, mama," shangazi alisema. "Ya watu wa kushoto hiyo. Unaivaa kulia, unaitia ufunguo kwa kushoto."

"Nani sasa anakaa anahangaika na watu wa kushoto?"

"Hata mimi simjui. Lakini kakaa, kafikiria, katengeneza."

Shangazi aliniwekea saa sikioni. Ilikuwa inatembea kama saa yoyote ile. Mahali fulani, kiwandani, mtu mzima asiyenijua aliufikiria mkono wangu akiwa kazini, wala hakuuona kuwa ni kosa. Nilitaka kutoa machozi, nikaona aibu. Bibi akanifungua mkono, akamwambia shangazi, "Kula, ale kwa kulia. Wakubwa awasalimie kwa kulia. Kuandika, basi, aandike anavyoweza." Jioni ile nilisali nikakuta sina la kuomba.

Nimeandika kwa kushoto maisha yangu yote, na wali bado nakula kwa kulia. Juzi nilinunua saa ya kisasa mjini Iringa, hizi za kuunganishwa na simu. Kabla ya kuanza kazi iliniuliza nitaivaa mkono upi, maana kioo chake hujigeuza kumfuata mvaaji. Nikabaki nimeishikilia. Binti yangu, wa kushoto pia, alinishangaa.

"Mama, si ubonyeze tu?"

Kwake yeye ni swali dogo, la kujibiwa na kusahauliwa. Mimi, kwa umri wangu wote huu, nilikuwa sijawahi kuulizwa.