Ncha Nyingine ya Kilemba

Asubuhi hii nimemkuta kijana wangu amefunga ncha ya kilemba chake kwenye kitasa cha mlango, anavuta na kukunja peke yake, muziki masikioni. Kitasa, jamani! Na mimi mamake nimesimama hapo hapo na kikombe cha chai.

Hujui nilivyoteswa na kitambaa hicho. Utotoni mwangu tulikuwa familia tatu tu za Kalasinga katika mitaa ile ya mabanda: mbili Sarang'ombe, na sisi Gatina, mimi na babu tu, kwenye ploti ya vyumba kumi na choo kimoja. Babu yangu, fundi wa mbao, hakuwahi kukata nywele wala kutoka nje bila kilemba. Mita tano! Na lazima watu wawili wakivute huku na huku ndipo kikunjike vizuri. Chumba hakikutosha, kwa hivyo kila asubuhi babu alisimama mlangoni, mimi nikasimama kwenye mfereji wa maji, na kitambaa kikakata uwanja katikati. Wenye ndoo, wa kwenda choo, wote wainame wapite chini yake. Mandazi ya jirani yananukia, na mimi sijala.

"Vuta! Kisiguse chini!" babu alipaza sauti.

"Kalasinga, utatuchelewesha na hiyo kamba yako!" alifoka jirani huyo wa mandazi, mama wa kutoka Kakamega, kila uchao.

Siku ya mtihani wa darasa la nane nilichoka. Niliachilia ncha, kilemba kikaanguka matopeni, nikakimbia shule. Jioni nilimkuta babu amekaa kitandani kichwa wazi, nywele nyeupe amezifunga fundo. Hakwenda kazini. Vilemba vingine alikuwa navyo, ila hakuwa na mtu wa kumvutia ncha. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipolia.

Kile cha matope nilikiona kwenye kamba, kimefuliwa. Kesho yake mama wa mandazi alikuwa mferejini kabla yangu, ameshika ncha.

"Nenda shule, wewe. Mzee, vuta basi, mafuta yangu yanaungua!"

Alishika hadi babu alipofariki. Sasa ile ploti ni ghorofa, zile familia mbili ziko Kanada, na mama wa mandazi alirudi kwao.

Nimemwambia kijana anipe ncha. Akatoa kidude kimoja sikioni.

"Mathe, tulia. Kitasa hakichoki."

Kweli, hakichoki. Wala hakifoki. Lakini bisibisi ya babu bado ninayo, na kesho kijana akiamka, mlango huo hautakuwa na kitasa.