Dada Aliyetangulia Maksai

Rafiki yangu, wewe sikufichi. Juzi kwenye masomo ya jioni hapa Bariadi, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni learn, yaani kujifunza. Akasema zamani za kale chimbuko la neno hilo lilikuwa kufuata nyayo, na ukoo wake unafika hadi kwenye mfuo, ule mstari unaoachwa na plau shambani. Wenzangu wakacheka. Mimi nikamkumbuka dada.

Nilikuwa darasa la tatu, dada la tano. Miaka hiyo wanunuzi binafsi ndio wameanza kuingia na malori yao, wanagombania pamba, na baba naye akapanua shamba. Akahitaji mtu wa kutangulia maksai na kamba, plau isiende kombo.

"Mmoja wenu abaki," akasema.

Nililala roho juu. Asubuhi dada akaishika kamba mwenyewe. "Mimi shule imenichosha, baba. Viboko tu kila siku."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikawa napita kando ya shamba na sare yangu, udongo uliopinduliwa unanukia mvua, dada tope limemfika magotini, ananipigia kelele, "We msomi, pisha ng'ombe wapite!"

Jioni tukitafuna michembe, vile viazi vikavu, ananisogelea. "Haya, leo mmefundishwa nini?" Kila siku anauliza. Mtu aliyechoka shule! Nami nina njaa, namjibu, "Ah, hesabu tu," naendelea kula.

Basi juzi kipindi kilipoisha nikampigia simu, yuko Mwandoya kwa mume wake. Nikamweleza lile neno. Akacheka sana. "Kumbe Wazungu nao walilima!"

Nikajikaza. "Dada, kweli shule ilikuchosha?"

Kimya. Nasikia mbuzi wake tu wanalia.

"We nawe," akasema. "Watoto wameshakula?"

Shamba lile sasa limejaa nyumba za bati. Maksai hakuna, baba hayupo. Hata pa kumwonyesha mtu, kwamba hapa dada alipita, sina. Nikipiga magoti kanisani, ule ukimya wa kwenye simu unanijia kabla ya sala.

Ukimjua mtu aliyesoma kwa kuwa mwenzake alibaki shambani, msimulie haya, naye amsimulie mwingine. Mwambie aulize mapema kuliko mimi.