Kioo cha Gari la Fundi Mbaraka

Usiku ule nililala mapema, nimenuna, kwa sababu mchana nilikuwa nimemdanganya mjane wa Fundi Mbaraka, mwalimu wangu wa ufundi. Mama Rukia aliniletea gari la marehemu mumewe, kioo cha upande wa dereva kimezama ndani ya mlango na hakipandi. Masika yameanza, na Jumamosi alitaka kupelekwa Korogwe akamwone mjukuu mchanga. Nikamwambia, "Mama, haiwezekani mpaka kifaa kije kutoka Dar." Uongo mtupu. Kinachoinua kioo ni mota ndogo inayovuta waya, na waya wenyewe ulikuwa umekatika tu. Waya wa breki ya baiskeli ungetosha. Lakini mimi na waya wa breki tuna kisa chetu.

Miaka mitatu nyuma, nikiwa bado kwenye gereji ya Fundi Mbaraka, nilitengeneza kioo cha mteja kwa waya wa namna hiyo. Nikapiga fundo mwishoni, nikajaribu mara mbili, nikajisifu. Siku ya nne fundo likafunguka, kioo kikaporomoka mvua ikinyesha, na mteja akaja kumfokea mzee mbele ya watu. Mzee akanigeukia. "Toa mikono yako kwenye kazi yangu." Nikafungasha spana zangu bila kuaga, nikaapa sirudi mpaka anibembeleze. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, wanasema. Mimi Idi zilipita nikiwa nimenuna tu, na mwaka jana mzee akafa. Nilibeba jeneza, nikatupa udongo kaburini, lakini radhi yake sikuwa nayo. Na mtu asiye na radhi ya mwalimu wake, kila nati anayokaza anaiona inalegea. Ndiyo maana niliogopa kuligusa gari lile.

Basi, usingizini nikamwona mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, ndani ya gari lile lile, kavaa kanzu safi, ila kucha zake bado nyeusi kwa oili. Sikuogopa hata kidogo. Nikamwambia, "Shikamoo mzee," naye hakuitikia, akauliza swali lake la kila asubuhi, lile ambalo bila kulijibu hakuna aliyeruhusiwa kushika spana.

"Umekula?"

"Bado, mzee."

Ananivuta mkono, na gari halipo tena. Tuko kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anapita misumari, anapita bawaba na makopo ya rangi, anachukua waya wa breki, kisha anachagua konekta, zile za kuungia nyaya za umeme. Muuzaji anatufungia mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, wala sishangai. Tunakula tumesimama, chumvi imezidi kidogo.

Nageuka, tuko mlangoni mwa gari, na plastiki ya ndani ya mlango imeshabanduliwa. Mvua inanyesha lakini hatuloani. Mzee anaipasua konekta kwa meno, anatoa kile kipande cha shaba chenye skrubu mbili, anakivisha kwenye ncha ya waya, pale pale nilipopiga fundo langu siku ile. Anakaza.

"Fundo la waya hulegea," ananiambia. "Bana kwa skrubu."

Anabonyeza swichi. Kioo kinapanda taratibu mpaka juu, kinashuka, kinapanda tena. Nataka kumwambia anisamehe. Yeye anafuta mikono kwenye kanzu na kunitazama kwa jicho lile la utani.

"Shabani, mimi nilikasirika siku moja. Wewe umekasirika miaka mitatu. Sasa nani mzee hapa?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye anacheka, na kioo kinapanda kati yetu. Sauti yake inanifikia kutoka upande wa pili: "Kamuulize Mama Rukia."

Niliamshwa na mke wangu, ananitikisa bega, anauliza nacheka nini. Adhana ya alfajiri ilikuwa ikimalizika. Nikachukua simu nikampigia Mama Rukia.

"Shikamoo mama. Gari litakuwa tayari leo. Lakini niambie kwanza ukweli. Mzee aliondoka na kinyongo na mimi?"

"Kinyongo? Mwanangu, wiki ile ya mwisho aliniambia gari lake likiharibika asilishike mtu mwingine ila wewe. Nilidhani unajua. Mafundi huku kwetu wamejaa tele, kwa nini nivuke mji mzima nije kwako?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, nikalia kwa sauti mbele ya mke wangu bila haya, na kifua changu kilikuwa chepesi. "Ahsante, mama," ndilo neno pekee lililonitoka.