Mwanangu Mkalimani

Kanisa letu lilipopata mwaliko wa kumpeleka mama mmoja Marekani, akazungumze na akina mama wa makanisa ya huko, wazee walinichagua mimi. Nilitegemea mwanangu mkubwa angepinga. Yeye alikuwa mtu wa kukataa kwanza, kufikiri baadaye. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Musoma, anajua Kiingereza, na mimi sijui hata salamu yake. Badala yake alipanda basi hadi Bunda, akaazima baiskeli, akafika nyumbani Mugeta kabla sijamwita.

"Mama, utaenda," akasema. "Na mimi nitaenda na wewe, niwe mkalimani wako."

"Nani kakuomba?"

"Wazee wa kanisa."

Siku ya ibada mke wa mchungaji akaniambia tofauti: mwanangu ndiye aliyewaomba wazee, tena aliwabembeleza. Tangu hapo nikaanza kumwangalia.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Majirani wengi walikuwa wamekwisha kubeba milango na miti yao wakaenda kujenga kwenye mstari wa nyumba za kijiji kipya. Mimi nilikuwa nimesimama mkutanoni nikasema sihami. Sikuwa mpinzani, shamba la pamba la kijiji nilikuwaga wa kwanza kufika. Lakini marehemu mume wangu amelala nyuma ya zizi, na niliwaambia wazi kwamba wa kunitoa hapo atanibeba mgongoni.

Wiki ya safari, shemeji yangu akaja kuchukua ng'ombe. Akasema anawapeleka kwenye josho, wakaogeshwe dawa ya kupe. Josho letu lilikuwa chini ya kilima tu, lakini yeye akawaswaga kuelekea kwake, upande wa Bunda. Nilipomuuliza mwanangu, akajibu, "La huku dawa yake imeisha." Mkwe wangu naye alinisaidia kufunga mzigo huku machozi yakimtoka, kama mtu anayefunga maiti. Na asubuhi ya kuondoka, nikiwa nimekwisha kutoka uani, niligeuka nikaona jiwe langu la kusagia wimbi limesimamishwa nje ya mlango. Lile jiwe lilihitaji wanaume wawili kulisogeza. Tangu niolewe halikuwahi kutoka jikoni.

Tulipita Sirari kwa basi hadi Nairobi, na hapo tukapanda ndege. Mwanangu akanipa kiti cha dirishani. Akanifunga mkanda, akanifunika blanketi, akanikatia nyama vipande vidogo kama ninavyomkatia mjukuu. Sikuila. Si kwa sababu ya nyama yenyewe. Mtoto wangu hakuwahi kunihudumia namna hiyo, na kila nilipomgeukia, alikuwa anaangalia kichwa cha mtu wa mbele.

Chini hapakuwa na kitu ila mawingu. Nikawaza: huku hata nikipiga kelele, nani atanishusha?

"Jiwe langu la kusagia linakwenda wapi?" nikamuuliza, kwa kikwetu.

"Jiwe gani, Mama?"

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Usiniulize jiwe gani."

Mhudumu akapita na chai, mwanangu akaikataa kwa mkono. Kisha akasema, "Wanahamisha watu wa upande wetu kwa nguvu wiki hii. Nilijua ungekaa mlangoni. Sikutaka wakukute hapo, Mama. Sikutaka watu wakuone unavutwa."

"Kwa hiyo umenivuta wewe."

Nilitaka kusimama, mkanda ukanirudisha. Nikajifunika blanketi hadi kichwani, nikalia humo ndani peke yangu, nikimlilia mume wangu aliyebaki bila hata mtu wa kumfukuzia mbuzi. Mwanangu hakunigusa. Safari yote iliyobaki, ndege ya kwanza na ya pili, sikumsemesha tena.

Kwenye kanisa la kwanza nilitakiwa nieleze jinsi akina mama wa Mara tunavyofundishana kusoma. Nilisimama mbele ya wanawake wenye nywele nyeupe na kofia ndogo, mwanangu kando yangu amevaa suti. Nikasema kwa Kiswahili, "Mama zangu, niombeeni. Leo ninapozungumza nanyi, nyumba yangu inabomolewa, na kaburi la mume wangu limebaki porini. Nilifichwa hayo mpaka nilipokuwa angani."

Nikamgeukia. Akaanza kutafsiri, na maneno yake yalikuwa marefu kuliko yangu. Nikajua anasema mambo ya kusoma na kuandika. Nani angenihakikishia? Nikaangalia nyuso zao, na sura za wageni hazisomeki. Wengine waliinama, mmoja alitabasamu.

Baada ya ibada akanifuata bibi mmoja mzee, akaniamkia kwa Kiswahili. Zamani aliwahi kuwa muuguzi kwenye misheni yetu. Alikuwa amenishika mikono yote miwili.

"Amesema nini yule?" nikamuuliza.

"Amesema yote uliyosema. Halafu akaongeza: aliyemficha mama huyu ni mimi, mwanawe, na sijui kama atanisamehe."

Jioni hiyo, mezani, nilimsogezea mwanangu sahani ya viazi. Akala.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeanguka kweli. Kule kijijini mwanangu na mdogo wake walinijengea nyingine, na wakati wa mvua wakapazungushia ua wa minyaa pale alipolala baba yao. Niliishi kwenye mstari kama wengine. Bomba la maji lilikuwa karibu, hilo sitalikana. Lakini uaminifu ukishatikisika haurudi kwa mvua moja. Mwaka uliofuata mwanangu mkubwa alikuja na kitenge kipya, akasema twende Musoma tukapumzike kidogo kwake, tule sato wa ziwani.

Nilikiweka kitenge mezani bila kukikunjua.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Niambie kuna nini."