Zuhura kamchoma sindano Bingwa wangu

Jamani, leo nimesalitiwa na mwanangu wa kumzaa.

Panya weupe wa maabara anakofanya kazi Zuhura wanatoka kwangu, Keko. Hakuna anayewafuga kama mie.

Bingwa, dume langu la mbegu, nilimpeleka huko apandishe majike tu, nikamkataza Zuhura asimguse. Akasema, "Haya, baba."

Leo nimemfuata maabara, namkuta Bingwa kajikunyata, manyoya yamepukutika.

Eti kamchoma kingamwili za aina moja, zinazowinda zile seli za kutuliza askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, aone zikikosekana inakuwaje.

Imekuwaje? Askari wamemgeukia Bingwa mwenyewe.

"Kwa nini yeye?"

"Baba, si wewe uliyemtambia bosi wangu kwamba Bingwa hashindwi na kitu? Akamtaka huyohuyo."

Bingwa kabaki huko, nimerudi na kizimba kitupu. Kesho Zuhura anataka panya wengine.

Nyie mngempa?