Nilimpandisha Mgongoni mwa Mkwewe

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzo, kabla sijayataja ya wenzangu, msije mkasema nimejificha nyuma ya majina ya watu.

Mpira ulikuwa juu hewani, nami nilikuwa pembeni mwa uwanja nikipiga kelele, "Mpande! Mpande, Bakari!" Bakari akaruka. Goti lake likamwingia Nassoro baina ya mabega, pale shingo inapoanzia. Nilisikia mlio. Wengine wanasema hawakusikia kitu. Mimi nilisikia, kama bua la muwa linapovunjwa gotini. Nassoro akaanguka kifudifudi na mikono yake haikutangulia. Mtu akianguka na mikono isitangulie, hapo pana jambo.

Bakari mpira alikuwa ameudaka. Firimbi ikalia, watu wa upande wetu wakashangilia. Yeye akautazama ule mpira kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba, akautupa, akapiga magoti mchangani.

"Baba, niwie radhi," akasema. "Baba, inuka. Nakuomba inuka."

Nassoro hakuwa babake. Alikuwa mjomba wa mkewe, ndugu wa mama yake Mwanakombo, na ndiye aliyemuoza Mwanakombo kwa mkono wake. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye mtoto. Basi huyo ndiye aliyekuwa mkwe, mkwe hasa.

Wapwa wa Nassoro walikuwa wamekaa ukingoni mwa uwanja na mapanga yao ya kukatia miwa. Waliinuka pamoja. Bakari aliwaona wanakuja. Angeweza kukimbia, alikuwa na miguu mirefu kuliko wote. Hakukimbia. Aliendelea kumwomba radhi mtu asiyejibu, na panga la kwanza lilimkuta vile vile, yuko magotini, ameinama.

Mimi nilikwenda. Hilo Mungu analijua. La pili nililipokea kwa mkono, na vidole vya mkono wangu wa kulia vikabaki katika mchanga ule. Jingine likanipata usoni kwa ubapa, likanivunja taya. Ndiyo maana nikisema watu huniuliza mara mbili. Nikiwa chini niliona miguu mingi, na damu inanyweka mchangani upesi kama maji ya kunawia. Nilisikia wanavyompiga. Sitasema zaidi, mamake Bakari yu hai na anasomewa magazeti.

Sasa nirudi nyuma, muelewe tulifikaje hapo.

Wakati ule, miaka ya mwanzo ya hamsini hii, nilikuwa kazini katika shamba la miwa upande wa kusini, ukishapita Msambweni. Mimi sikusoma. Nilikaa chuo cha Kurani kwa maalimu mpaka nikahitimu, basi. Lakini nilikuwa na sauti na watu walinisikiliza, kwa hiyo nilipewa kuangalia vijana wa kiwandani.

Akaja fundi wa mitambo, Mzungu wa Australia, tukimwita Bwana Tedi. Alikuwa mtu wa kucheka na watu, si kama wengine. Akatuletea mpira wa kwao. Umechongoka ncha mbili, mfano wa yai. Unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na goli ni nguzo zilizosimama wima, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Tulikata boriti za mikoko tukazichimbia. Ukiudaka mpira hewani kabla haujagusa chini, firimbi inalia, wote wanakupisha, unapiga kwa raha zako. Na ili uudake una ruhusa kumpanda mwenzio mgongoni kwa goti. Ndiyo sheria yao. Wenzetu huko hawaoni kitu.

Tukawa timu mbili, sisi wa kiwandani na wale wakataji wa shambani. Bwana Tedi akanifanya mimi mchaguzi wa timu ya kiwandani. Akaniambia, kwa Kiswahili chake kile cha kuchechemea, "Kwanza tafuta ndefu. Ndefu mbele, ndefu nyuma. Fupi kimbia katikati."

Kila mlinzi wa nyuma ana mtu wake wa mbele wa upande wa pili, anamganda kama kupe. Mrefu kwa mrefu. Ukimwekea mrefu mtu mfupi, umempa mpira mkononi.

Mimi warefu wa kweli nilikuwa nao wawili tu. Mmoja Ouma, Mjaluo wa kwenye tanuri, mtu wa kuinama kila mlango. Wa pili Bakari, kijana wa kwetu, ndiyo kwanza ameoa. Ouma nikampeleka mbele, kwa sababu alipiga mpira ukanyooka. Bakari shabaha hakuwa nayo, mpira wake ulikwenda ulikotaka wenyewe, basi nikamweka nyuma. Ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo.

Ila wakataji nao walikuwa na mrefu wao wa mbele. Ndiye Nassoro.

Nililijua hilo. Msidhani sikujua. Arusini kwa Bakari nilikula pilau, nilimwona Nassoro akimshika binti mkono. Nami ni Mdigo, najua mkwe ni nini. Ukikutana naye njiani unampisha, unakaa pembeni mpaka apite. Huli naye sahani moja. Jina lake hulitamki. Kumgusa tu mwili ni haya kubwa, mpaka atafutwe mbuzi wa kuiondoa. Sembuse goti mgongoni.

Siku moja kabla ya mchezo Bakari alinijia. Nilikuwa naoga kisimani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Kaka, nimeambiwa nitasimama na mzee wangu."

"Mzee wako nani?"

"Usinichezee, kaka. Unamjua."

Nikacheka. "Nassoro? Nassoro si mzee, ana meno yote."

"Ni mkwe wangu," akasema. "Nipeleke mbele, Ouma arudi nyuma. Ouma si wa huku, hana haya naye. Badilisha sisi wawili tu, nami nitacheza mpaka nife."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nami nilikuwa na sabuni machoni, na akilini nilikuwa naona mabao ya Ouma. Nikamwambia, "Ukienda mbele wewe, mpira utaupeleka mpaka Vanga. Uwanjani hakuna mkwe, kuna mpira. Nenda kalale."

Akasema, "Haya, kaka." Akaenda.

Ilikuwa kazi ndogo. Kumvuta mmoja huku, kumsukuma mwingine kule. Mpaka leo nikifumba macho nawabadilisha.

Sasa nimtaje wa pili. Athumani Kirunga, nyapara mkuu. Jumamosi ile wakataji waliachiwa mchana. Desturi ilikuwa mapanga yote yarudi ghalani ndipo mtu aende zake. Athumani alitaka kuwahi kiti mbele karibu na Wazungu, akafunga ghala mapema, ufunguo mfukoni. Wakataji walipofika wakakuta kufuli. Wakaja uwanjani na mapanga. Aliwaona. Alipita mbele yao akasema, "Yawekeni chini tu, mtayarudisha Jumatatu." Nilisikia kwa masikio yangu.

Mchezo ukaanza. Bakari akasimama mbali na Nassoro, mbali kabisa, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia ukumbini kwa watu. Kila mpira uliokuja upande ule Nassoro aliudaka peke yake. Hakuwa mtu mbaya Nassoro, lakini nafsi ni nafsi, alijua hataguswa na utamu ukamwingia.

"Kaa hapo hapo, mwanangu," alimwambia. "Mimi nitakuletea habari ya huku mbele."

Wakataji wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, mpeni mkeka mkwe akae!" Mwingine akasema, "Na kahawa, asisinzie!" Bakari akatazama chini.

Tukafungwa vibaya. Wakati wa mapumziko tulikaa kivulini nyuma ya tangi la maji, Athumani akaja mbio, jasho linamtiririka, Bwana Tedi nyuma yake. Bwana Tedi alikuwa mwekundu usoni. Akamshika Bakari mabegani, akamgeuza, akampiga mgongoni kwa goti lake, si kwa nguvu, kumwonyesha. "Namna hii. Panda. Kwa nini hapandi?"

Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kumwambia, Bwana, yule ni mkwewe, kwetu haifai. Maneno hayo machache tu. Sikuyasema, kwa kuwa niliona haya Mzungu asituone washamba.

Athumani, Mdigo kama mimi, aliyeoa kama wengine, akamwambia Bakari, "Akidaka mpira mwingine yule, Jumatatu usije kazini. Na nyumba ya kampuni utoke. Utamlaza mkeo kwa huyo huyo mkwe wako."

Bakari akanitazama mimi. Hakumtazama Athumani wala Mzungu. Alinitazama mimi aliyeniita kaka, niliyeambiwa yote jana yake.

Nikamwambia, "Hivi Mwanakombo ameolewa na mwanamume, au ameolewa na nguzo?"

Watu wakacheka. Ouma peke yake hakucheka. Alisema, "Acha mimi nirudi nyuma, huyu aende mbele." Nikamwambia anyamaze, kazi ya kuchagua si yake.

Bakari akainuka akarudi uwanjani. Mpira wa kwanza uliokuja ndio ule.

Ouma alikuwa mwisho kabisa wa uwanja, kule kule mbele nilikomweka. Alipoona mapanga aling'oa nguzo moja fupi ya goli, akakimbia nayo uwanja wote, na ndiye aliyewatawanya. Mmoja alimvunja mkono, mwingine mguu. Lakini ni uwanja mrefu ule. Alipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Akamwinua Bakari kifuani kama mtoto, akaanza kwenda naye barabarani upande wa Msambweni, hospitali, na kabla hajapata lori la kumchukua alisimama, akakaa chini naye. Hakukuwa na haja ya kwenda tena.

Nassoro hakufa. Ingekuwa afadhali, yeye mwenyewe anasema. Tangu siku ile kuanzia kifuani kwenda chini si wake. Wapwa zake wawili walipelekwa gerezani, nao walikuwa ndio wa kumlima shamba. Amebaki na nani wa kumgeuza kitandani? Mwanakombo. Mjane anamlisha mtu ambaye mumewe alimvunja, na ambaye wapwa zake walimuua mumewe. Anamwosha, anamgeuza, anafua shuka. Wakati ule alikuwa na mimba. Alizaa binti.

Nilipokuwa hospitali, uso umefungwa, Athumani alinijia na machungwa ambayo sikuweza kuyatafuna. Akakaa karibu. "Sikiliza, ndugu yangu. Ukisema ulimtuma, utafungwa wewe. Bwana Tedi keshapanda meli Mombasa, hayupo wa kukutetea. Sema kijana alikuwa na chuki na mkwewe tangu zamani, mambo ya nyumbani. Yeye keshakufa, halimdhuru."

Nilipoitwa mahakamani nikaulizwa, "Je, mtu alimtuma?" Nikasema, "Hapana. Alikuwa na chuki naye."

Halimdhuru, alisema Athumani. Basi sikilizeni. Watu wa upande wa mkewe walikuwa wamekataa kuja mazikoni, na baada ya neno langu hilo wakakataa hata kisomo cha hitima yake. Wazee hawakukubali mbuzi wa kuondoa haya, wakasema haya ya bahati mbaya huondolewa, ya makusudi haiondolewi. Mamake akahama kijiji. Na yule binti, leo yuko chuoni, wenzake wakigombana naye wanamwita mtoto wa mvunja mkwe. Bakari, kijana aliyemwamkia mkwewe mpaka anatoka jasho, ndiye aliyeachiwa jina hilo. Na aliyempa jina ni mimi.

Majuzi nilikutana na Mwanakombo sokoni Msambweni. Nilitaka kupita. Akanisimamisha, hakunikasirikia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nakuuliza mara moja tu. Bakari alikwenda mwenyewe, au alipelekwa?"

Nilijishika taya, nikajifanya siwezi kusema, nikaondoka. Mwanamume mzima.

Ndugu zangu, mnaochagua wachezaji, mnaopanga watu kazini, mnaopanga safu ya chochote, mimi nilitazama urefu wa watu na nikasahau watu. Kabla hujamsimamisha mtu mbele ya mtu, uliza ni nani kwake. Na akikujia mwenyewe kukuambia haiwezekani, toa sabuni machoni umsikilize.

Bwana Tedi, kama yuko mtu anayekusomea Kiswahili huko kwenu, hukujua, lakini ulipouliza hukungoja jibu. Ulitufundisha kupanda migongo ya watu, ukaondoka kabla hujaona mwisho wa mchezo. Una deni la jibu.

Lakini wewe, Athumani Kirunga, ulijua. Leo unakaa safu ya mbele msikitini, arusi haifungwi hujafika, watu wanakubusu mkono. Mimi jambo langu nimelisema hapa na nitakwenda kulisema kwa kinywa changu hiki kilichopinda. Ijumaa baada ya sala nitakuwa nyumbani kwa Nassoro, mbele ya kitanda chake, mbele ya Mwanakombo na binti yake na wazee wa pande zote mbili nitakaowaita. Nitasema nilimpeleka. Njoo nawe useme ulimtisha kwa nini, na mapanga yalibaki nje kwa nini. Mwanamke yule ameuliza mara moja tu. Mjibu.